Klachi Inaungua Pumwani, Nani Analipa?

Harufu ya klachi inayoungua haifichiki. Ni kali, inakwaruza koo, na hubaki kwenye nguo. Asubuhi robota za mitumba zinapotoka soko la Gikomba jijini Nairobi, utaikuta Barabara ya Digo, utaikuta Quarry Road, na jioni itakungoja General Waruinge, matatu za Eastleigh zinaposukumana kuingia na kutoka. Uliza mafundi na waendeshaji chanzo chake, utajibiwa mara moja: spea feki, mzigo mzito, jua kali. Majibu hayo matatu yana ukweli kwa viwango tofauti, lakini hakuna hata moja linaloeleza kwa nini pikipiki mbili za aina moja, zilizonunuliwa mwaka mmoja na kubeba mzigo mmoja, moja hubadilishwa pleti kila baada ya miezi miwili na nyingine inamaliza mwaka.

Klachi huungua kwa sababu inateleza. Ikishika kabisa haitoi joto la maana. Ikiachia kabisa, vilevile. Joto lote huzaliwa katikati, pale pande mbili zinapogusana huku zikizunguka kwa kasi tofauti. Kwa hiyo kila uchunguzi wa klachi iliyoungua ni uchunguzi wa mtelezo: ulianzia wapi, ulidumu muda gani, na nani aliuruhusu. Swali hilo la mwisho ndilo linaloachwa kwenye gereji nyingi. Pumwani, anayeitelezesha klachi aghalabu hupata faida siku ileile, na anayelipia pleti mara nyingi ni mtu mwingine. Uchunguzi usiofika hapo huishia kuuza pleti mpya.

Hesabu ya joto

Tuanze na matatu yenye uzito wa tani 6 pamoja na abiria wake, ikiwa imesimama barabarani kwenye tambarare. Dereva anaondoka kwa gia ya kwanza, na klachi inashika kabisa gari likiwa limefika kilomita 10 kwa saa. Joto lililobaki kwenye klachi hulingana takriban na nishati ya mwendo ambayo gari limepata hadi hapo: kilojuli 23 hivi. Sasa dereva yuleyule, kwa haraka au kwa mazoea, anaondoka kwa gia ya pili. Klachi haitashika mpaka gari lifike kama kilomita 18 kwa saa. Joto linapanda hadi kilojuli 75, yaani zaidi ya mara tatu. Kuondoka hivyo mara tano kunatoa joto la kutosha kuchemsha lita moja ya maji, na joto hilo linamwagwa kwenye pleti kavu iliyofungiwa ndani ya kasha lisilopitisha hewa nyingi. Kutoka Gikomba hadi Eastleigh wakati wa msongamano, kusimama na kuondoka mara tano ni mwendo wa dakika chache tu.

Hesabu ya bodaboda ni ileile kwa kipimo kidogo. Pikipiki ya kilo 120 na mwendeshaji wa kilo 70 ni kilo 190. Ongeza robota mbili za mitumba za kilo 45 kila moja, unafika kilo 280. Mzigo umeongeza joto la kuondoka kwa karibu nusu. Lakini mwendeshaji akiondoka kwa gia ya pili badala ya kwanza, klachi ikashika kwenye kilomita 16 kwa saa badala ya 10, joto linazidi mara mbili na nusu. Uzito huongeza joto kwa kiasi chake wenyewe. Kasi huongeza kwa mraba wake. Ndiyo maana mwenye mzigo mzito anayeondoka taratibu kwa gia ya kwanza anaweza kumaliza mwaka na pleti zake, huku mwenzake asiye na mzigo, lakini anayepiga resi kwenye kila mataa, akirudi kwa fundi kabla ya mvua kuisha.

Jua nalo tulipe haki yake. Miezi ya Februari na Machi joto la mchana Nairobi hufika nyuzi 28 hivi. Pleti ya chuma iliyogeuka buluu imepita nyuzi 290. Tofauti kati ya siku ya baridi ya Julai na siku ya jua la Februari haifiki hata nyuzi kumi. Jua halichomi klachi. Kinachoisaidia klachi kuungua kimya kimya ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi huinyang'anya injini isiyo na tabo karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Pikipiki inayoondoka vizuri Mombasa huhitaji gesi zaidi hapa, na mwendeshaji huitafuta nguvu hiyo kwa kupandisha mzunguko wa injini huku klachi ikiwa nusu. Injini inapumua kwa shida, klachi inalipa.

Mtaa unaochosha klachi

Pumwani ulipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama makao ya Waafrika waliofanya kazi mjini, na sehemu yake inayoitwa Majengo bado ina vichochoro vya watu waliotembea kwa miguu. Hospitali ya uzazi ya Pumwani imekuwepo tangu 1926. Shauri Moyo ulijengwa kuwapokea watu wa Pangani, kijiji chao kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Upande mmoja kuna Gikomba, ambako mitumba ya nchi nzima hufunguliwa. Upande wa pili kuna Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali hugonga mabati, masufuria na masanduku. Katikati ya hayo yote hupita mikokoteni, bodaboda, tuktuk, pikapu za mizigo na matatu za namba 6 na namba 9.

Kwa klachi, mtaa wa namna hii ni mtihani. Mwendo ni wa hatua kwa hatua: mita tano, simama, mita tatu, simama. Ukitoka bondeni kwenye Mto Nairobi kupandisha kuelekea Pumwani, unaondoka kwenye mwinuko ukiwa na mzigo, na hapo klachi inabeba kazi mbili: kuharakisha gari na kulizuia lisirudi nyuma. Waendeshaji wengi hulishikilia gari kwenye kilima kwa klachi badala ya breki, wakilichezesha mbele na nyuma huku wakisubiri msukuma mkokoteni apite. Inaonekana kama ustadi. Kwa klachi, sekunde kumi za kusimama hivyo ni sekunde kumi za kusagwa bila gari kusogea hata shubiri.

Bodaboda: rangi za pleti

Pikipiki nyingi za mtaa huu, ziwe Boxer, TVS au za muundo wa Honda CG, zina klachi ya pleti kadhaa zinazolowa ndani ya oili ileile ya injini. Oili ndiyo inayobeba joto. Faida yake ni kwamba klachi hustahimili mengi. Ubaya wake ni kwamba chochote kinachoharibu oili huharibu klachi, na klachi inayoungua humwaga unga wake ndani ya oili inayolainisha injini nzima.

Dalili ya kwanza huonekana barabarani: unaongeza gesi kwenye gia ya tatu au ya nne, injini inalia zaidi, pikipiki haiongezi mwendo. Kuna kipimo cha kusimama: shika breki zote mbili, weka gia ya tatu, ongeza gesi kidogo, achilia klachi. Injini inapaswa kuzimika papo hapo. Ikiendelea kunguruma, pleti zinateleza. Fanya mara moja tu, kwa maana kipimo chenyewe kinachoma.

Kabla ya kugusa spana, tazama mkono wa klachi. Kwenye pikipiki nyingi unatakiwa kucheza milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake kabla waya haujaanza kuvuta. Kitabu cha pikipiki husika kina kipimo kamili. Pleti zinapolika, nafasi hiyo hupungua yenyewe. Mwendeshaji asiyeulegeza waya, au anayeukaza kwa makusudi ili klachi iachie haraka, anaendesha siku nzima huku springi zikibanwa kidogo na pleti zikishika nusunusu. Waya wenye kutu unaokwama bila kurudi hufanya vivyo hivyo. Vilevile vidole viwili vinavyopumzika juu ya mkono wa klachi, tabia ya karibu kila dereva wa mjini. Kasoro hizi tatu hutibiwa kwa dakika kumi na matone ya oili, na kila moja inaweza kumaliza seti nzima ya pleti.

Baada ya hapo, oili. Oili ya pikipiki hubeba alama ya kiwango cha Kijapani cha JASO: MA au MA2 kwa klachi zinazolowa, MB kwa skuta ambazo klachi yake haiguswi na oili ya injini. Oili nyepesi za magari ya kisasa, kama 0W20 au 5W30, mara nyingi hutiwa dawa za kupunguza msuguano ili gari linywe mafuta kidogo. Msuguano huohuo ndio chakula cha klachi. Anayepunguza gharama kwa kujaza oili ya gari iliyobaki gereji, au kuongeza dawa ya kulainisha injini, anazilainisha pleti pia.

Sasa kava inafunguliwa. Hapa ndipo fundi mzuri anapotofautiana na muuza spea. Yule wa pili hutoa pleti, huzitupa kwenye debe na kutuma kijana dukani. Wa kwanza huzipanga kwa mpangilio uleule zilivyotoka, huzifuta kwa kitambaa na kuziinua kwenye mwanga. Anatazama kwanza pleti za chuma, zile zisizo na lainingi. Chuma huhifadhi kumbukumbu ya joto kwa rangi: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi, zambarau karibu 280, buluu kuanzia 290 na ushei. Pleti za chuma zikiwa buluu na lainingi ikiwa nyeusi na kung'aa kama kioo, joto lilitokana na mtelezo, na kisa kiko kwenye mkono, waya, oili, springi au dereva. Pleti za chuma zikiwa na rangi yake ya kawaida lakini lainingi imebambuka vipande vipande, hapo ndipo pa kushuku gundi na ubora wa spea. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, na bandia zipo sokoni, hilo halina ubishi. Lakini shtaka la feki linahitaji ushahidi, na ushahidi upo kwenye debe la taka ambalo wateja wengi hawalitazami.

Kisha anaendelea: anapima unene wa lainingi kwa kalipa, analaza pleti ya chuma juu ya kioo bapa aone kama imepinda, anapima urefu wa springi, maana springi iliyopata joto hufupika na kulegea. Anapitisha kucha kwenye meno ya kikombe cha klachi. Kukiwa na vishimo, pleti hunasa, haziachii sawasawa, na klachi huendelea kusuguana hata mkono ukiwa umebanwa. Pleti mpya hulowekwa kwenye oili safi kabla ya kufungwa. Zikifungwa kavu, sekunde za kwanza tu zinaweza kuzichoma uso.

Mwisho anahesabu meno ya sproketi. Waendeshaji hubadilisha sproketi kutafuta mwendo wa barabara kuu. Sproketi ya mbele yenye meno 14 ikiwekwa ya 15, gia zote huwa ndefu kwa asilimia 7 hivi, na kila kuondoka kunakuwa kugumu kwa kiasi hicho. Anayekwenda Thika kila siku huenda akafaidi. Anayezunguka kati ya Gikomba, Burma na Kariokor ananunua mwendo asioutumia na kuulipia kwa klachi anayoitumia kila dakika.

Matatu: pleti kavu, siri ndefu

Klachi ya matatu ni ya namna nyingine. Ni pleti moja kavu iliyobanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Hakuna oili ya kuipoza, na oili ikifika hapo ni msiba. Joto hukaa kwenye chuma cha flaiwili na presha pleti mpaka hewa kidogo iliyo ndani ya kasha iliondoe, kazi inayochukua muda ambao msongamano hautoi.

Nayo husomeka ikishushwa. Presha pleti yenye madoa ya buluu na nyufa ndogo ndogo imeteleza kwa muda mrefu. Ncha za vidole vya springi zikiwa zimelika kwa mfereji, dereva ameufanya mguu wake upumzike juu ya pedali, na beringi ya klachi imekuwa ikisukuma siku nzima. Lainingi iliyolowa na kunuka oili inaelekeza macho kwenye sili ya nyuma ya injini au sili ya mbele ya giaboksi; kubadilisha pleti bila kubadilisha sili ni kupanga tarehe ya kurudi. Upande mmoja wa pleti ukiwa umeungua na mwingine mzima, mshtakiwa ni uso ulioguswa na upande ule.

Hapo ndipo kosa ghali kuliko yote hutendeka. Flaiwili yenye madoa magumu ya joto haikai bapa. Pleti mpya huigusa kwenye vilima vyake tu, na eneo dogo hubeba kazi ya eneo zima. Dawa ni kuikereza kwenye mashine, ndani ya kipimo alichoweka mtengenezaji, au kuibadilisha. Kazi hiyo humaanisha kuiondoa flaiwili, kuipeleka kwa wakerezaji wa Kirinyaga Road au Industrial Area, na kusubiri. Matatu iliyoegeshwa haiingizi pesa. Mwenye gari anapiga simu kila saa. Basi flaiwili inasuguliwa kwa msasa mkononi, klachi inafungwa, na gari linarudi barabarani jioni ileile likiwa na ugonjwa wake.

Kwenye magari ya klachi ya maji (haidroliki), angalia pia kama shinikizo linarudi lote pedali inapoachiliwa. Hozi ya zamani iliyovimba ndani, au silinda kuu isiyo na nafasi ya kurudi, hubakiza shinikizo dogo linaloishikilia klachi nusu. Dalili yake ni klachi inayoteleza gari likipata moto na kushika vizuri asubuhi. Fundi asiyejua hili atalaumu pleti mara tatu kabla ya kulaumu hozi.

Mkanda na pulli

Kuna aina ya tatu, ambayo inazidi kujaa mitaani bila wenyewe kujua wana klachi ya aina gani. Skuta hutumia mkanda wa raba unaopita kati ya pulli mbili zinazobadilika upana, pamoja na klachi ya matufali inayoshika yenyewe mzunguko unapopanda. Mkanda na pulli kama hizo ndizo zinazoendesha magari ya theluji ya Canada, yale ambayo Joseph-Armand Bombardier aliyaingiza sokoni mwaka 1959 kwa jina la Ski-Doo. Magari madogo ya mitumba kutoka Japani, kama Honda Fit, Nissan Note na baadhi ya Toyota Vitz, nayo hutumia pulli mbili, ila mkanda wake ni wa chuma na unalowa kwenye oili yake maalumu.

Mafundi wa magari ya theluji wana desturi moja inayofaa kuigwa hapa. Mkanda ukiwa unaungua, hawaanzi kwa kununua mkanda. Wanaendesha kidogo, wanasimama, wanafungua kava na kupima joto la kila pulli peke yake kwa kipimajoto cha miale. Pulli yenye moto zaidi ndiyo inayoanza kuhojiwa: kama ni ile ya injini, huenda inachelewa kuubana mkanda, kama ni ya upande wa magurudumu, huenda springi yake ni dhaifu au inakwama kufunguka. Kisha wanaangalia kama mistari ya pulli imenyooka na kama tundu za hewa zimeziba. Kipimajoto hicho si kifaa cha ajabu tena. Wakati wa janga la korona kilielekezwa kwenye paji la uso la kila aliyeingia benki, ingawa fundi atahitaji kile cha viwandani, kinachopima joto la juu zaidi. Fundi wa Pumwani akielekeza chake kwenye kava ya klachi ya boda, au kwenye kasha la klachi ya matatu mara baada ya safari, na kuandika namba, baada ya muda atajua lipi ni joto la kawaida la gari lile na lipi ni onyo.

Kwa magari ya pulli na mkanda wa chuma, onyo kubwa ni oili. Nissan wanataka NS-2 au NS-3 kulingana na gari, Honda wana HMMF na HCF-2, Toyota wana TC na FE. Ukiweka oili ya kawaida ya giaboksi ya otomatiki, mkanda unakosa mshiko unaotakiwa, unateleza, unakwaruza pulli, na giaboksi nzima inakwenda. Kwa sheria ya Kenya, gari la mitumba haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Likifika Nairobi, oili yake inaweza kuwa na umri uleule. Anayelinunua kwa ajili ya teksi aibadilishe kabla hajalilaumu gari.

Faida ya mmoja, hasara ya mwingine

Yote haya mafundi wengi wanayajua. Kwa nini basi klachi zinaendelea kuungua? Fuata pesa.

Mwendeshaji wa boda aliyekodi pikipiki hulipa tajiri mwenye pikipiki kiasi cha kila siku. Kinachobaki ni chake. Robota ya ziada ni pesa ya leo mkononi mwake, na pleti zitakazoungua ni za mwezi ujao, mara nyingi kwa mfuko wa tajiri. Dereva wa matatu ana lengo la siku la mwenye gari. Anayechelewa kuondoka kwa gia ya kwanza anapitwa na mwenzake na kukosa abiria watatu kwenye kituo kinachofuata. Fundi hulipwa kwa kufungua, halipwi kwa miezi ambayo klachi imekaa bila kufunguliwa. Muuza spea hana haja ya kujua rangi ya pleti ya zamani. Kila mmoja anafanya jambo la busara kwa upande wake, na jumla yake ni klachi inayoungua.

Sikiliza mazungumzo ya kawaida kwenye benchi la fundi:

"Fundi, hizo pleti ulizoniwekea ni feki. Mwezi haujaisha."

"Ni za kampuni, mkubwa. Punguza mzigo."

"Mzigo ni uleule wa siku zote. Weka zingine, lakini sasa unipe jenuini."

Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyeuliza pleti ya zamani iko wapi. Mteja anataka kumbana muuzaji, fundi anataka kumbana mteja, na mkono wa klachi usio na nafasi ya kucheza unaondoka na pikipiki.

Aliye na pikipiki yake mwenyewe huishi kwa hesabu tofauti. Robota ya ziada na pleti ya mwezi ujao hutoka mfuko mmoja, naye huanza kulegeza waya bila kuambiwa. Hii ndiyo tofauti kati ya zile pikipiki mbili tulizoanza nazo. Chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni nani anayelipa.

Kinga inayowezekana

Kwa mwendeshaji, kinga ni tabia. Ondoka kwa gia ya kwanza kila mara. Achia klachi yote mapema, mzunguko wa injini ukiwa chini. Kwenye kilima shikilia kwa breki. Kwenye foleni acha nafasi mbele, kisha songa mara moja kwa mita ishirini badala ya mara kumi kwa mita mbili. Kagua nafasi ya mkono wa klachi kila asubuhi injini ikiwa baridi, na tena mchana ikiwa moto. Ukisikia harufu, usisimame umebana klachi: kwa boda, weka nyutro uache injini ilie taratibu ili oili ipoze pleti, kwa matatu, endesha taratibu klachi ikiwa imeshika kabisa, bila kuitelezesha tena, mpaka hewa ifanye kazi yake. Kanuni za bodaboda za mwaka 2015 za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, ziliruhusu abiria mmoja tu, na klachi inakubaliana nazo kabisa.

Kwa fundi, kinga ni kumbukumbu. Mfuko wa plastiki wenye pleti za zamani, namba ya gari na tarehe, ukiwekwa rafuni, unamaliza ubishi wa feki bila kelele. Daftari lenye safu nne za kuandika tarehe, kilomita, rangi ya pleti na chanzo linamfundisha fundi zaidi ya mwaka wa kubahatisha. Baada ya mizunguko michache ataona wazi pikipiki zipi huungua kwa waya, zipi kwa oili, na zipi kwa mtu.

Kwa mwenye gari, kinga ni mkataba. Mwambie dereva kwamba klachi ikipita kilomita mlizokubaliana, sehemu ya pesa iliyookolewa ni yake. Ikiungua kabla na pleti zikiwa buluu, mtagawana gharama. Ikiungua kwa sababu sili ilivuja au flaiwili haikukerezwa, hasara ni ya mwenye gari aliyeharakisha kazi. Kwa matatu kuna chombo tayari: kanuni za 2014 ziliwataka wenye matatu kuwa chini ya sacco au kampuni yenye angalau magari 30. Magari 30 yenye daftari moja la klachi yanaweza kuonyesha kwa mwaka mmoja kile ambacho mwenye gari moja hataona maishani: madereva gani huchoma, oili gani hudumu, mkerezaji gani anafanya kazi safi. Steji za bodaboda zina wenyeviti na michango ya kila wiki, na zinaweza kufanya vivyo hivyo kwa gharama ya daftari la shule.

Wapo watakaosema umeme utamaliza shida hii. Pikipiki za umeme za Roam, Spiro na Ampersand tayari zinabeba watu Nairobi, na hazina klachi ya kuungua. Ni kweli, lakini zinapopandisha zikiwa na robota mbili, joto huhamia kwenye mota na kwenye kifaa kinachoigawia umeme, na kifaa hicho ni ghali kuliko seti ya pleti. Mzigo haujapungua, kilima hakijalala, na aliyekodi bado anataka pesa ya leo kwa chombo cha mwingine. Mtaa utakaoingia kwenye umeme bila kulipatanisha jambo hilo utabadilisha aina ya moshi tu. Mtaa utakaoanza sasa, kwa klachi hizi hizi za mafuta, kuandika chanzo cha kila hasara na kumfanya anayeisababisha agawane na anayeilipa, utaufikia umeme ukiwa umeshajifunza kuhesabu.